Roho ya Papa na Mashini ya Padri

Nyinyi wote wenye munachambua maharagi hapa, mikono iendelee na kazi, lakini masikio mulete kwangu. Mwenye kuwa na mutoto analia amupe titi, na mwenye anataka kukohoa akohoe sasa, juu mimi nikishaanza sirudilie. Hiyi yenye nitawaambia niliiona na macho yangu mbili. Pale macho ilikuwa inafika mwisho, niliongeza kidogo na mudomo. Mwenye anapenda ukweli bila chumvi aende kusikiliza kesi kwa tribinali.

Ilikuwa mu ile miaka ya sitini, nyuma ya Uhuru, wakati barabara ilianza kupitika tena. Mimi nilikuwa mama kijana, niko na bwana, niko na shamba yangu ya maharagi pale Masisi. Mulima yetu ilikuwa mukali sana. Ukiangusha haragi moja kule juu, unashuka kuiokota chini kwa jirani, na unaikuta imeshaota majani. Papa yangu alikuwa anakaa kwetu, juu mama alikuwa amekufa. Mwanaume wa nguvu, mukulima, mukristu wa benchi ya mbele. Lakini roho yake, hii yenye inapiga mu kifua, ilikuwa imeharibika mwendo.

Roho ya mutu, munajua, inatwanga kama mama mwenye anatwanga sombe, majani ya muhogo: tu, tu, tu, bila haraka. Ya papa ilikuwa inatwanga kama bamama watano mu kinu moja, na moja kati yao amelewa. Inakimbia, inakimbia, inajikwaa, inanyamaza kidogo kama inafikiri, kisha inakimbia tena kama mbuzi yenye imekata kamba. Akipanda mulima kidogo tu, anakaa chini, mudomo wazi, jasho inatoka. Nilikuwa ninaweka sikio kwenye kifua yake, na mimi mwenyewe ndio ninachoka.

Sasa, musikie ubaya ulikuwa wapi. Dada yangu mukubwa alikuwa ameolewa mbali, kule chini Walikale, mu pori, upande wa Mpofi. Akazaa mutoto wake wa kwanza. Na katika nyumba yetu, mutoto wa kwanza wa binti anapewa jina na baba ya yule binti. Haitumwi na barua, haitumwi na mutu. Babu anamulaza mutoto kwenye kifua yake, anamwambia jina kwenye sikio, mutoto akiwa anasikia roho ya babu kwa chini. Hapo njo jina inaingia. Bila hiyo, ni kelele tu.

Mutasema, basi si balete mutoto Masisi? Mama mukwe wa dada yangu alikataa. Yule mama alikuwa mufupi kama kinu, na mukali kama pilipili ya pori. Alituma neno: "Mutoto asiye na jina havuke mito. Muto ukimuuliza yeye ni nani, atajibu nini?" Basi mutoto akabaki kule, banamuita tu "kale katoto". Kale katoto kakaota meno. Kale katoto kakaanza kukaa, kakaanza kutambaa. Papa alikuwa anasema, "Nikichelewa tena kidogo, kataota ndevu, kapande kenyewe mpaka hapa kunidai jina."

Alikuwa anacheka, lakini usiku mimi nilikuwa ninamusikia hajalala. Alikuwa anaogopa kufa mbele ya kutaja hilo jina. Hakuwa anaogopa kufa, hapana. Alikuwa anaogopa kufa nalo mu kinywa.

Nikamupeleka kwa dispanseri ya misioni, mwendo wa asubui mpaka magaribi juu alikuwa anakaa kwenye kila jiwe. Munganga wa pale, mutu mwembamba na mupole, akaweka ile kipira yake ya masikio kwenye kifua ya papa. Akasikiliza. Akatoa kipira, akaangalia kama imeharibika, akarudisha. "Papa," akasema, "kwako ndani kuko ngoma."

"Wanacheza nini?" papa akauliza.

"Kila mutu anacheza yake."

Akatupatia kachupa kadogo ka matone. Akasema hiyo dawa inatoka kwenye jani ya maua fulani ya Bulaya, na kazi yake ni kushika roho mukono na kuiambia: pole pole, mama, hakuna mwenye anakufukuza. Matone kumi kila asubui mu kikombe ya maji. Kumi, si kumi na moja. "Mupaka kumi hii dawa ni rafiki. Ukiipita, ni nyoka."

Mimi masomo sikukanyaga, na tone inaanguka mbio. Munganga akaniona ninahangaika. Akachukua kopo tupu ya maziwa, akatia mule maharagi kumi. "Tone moja, unatoa haragi moja. Maharagi ikiisha, unafunga chupa. Kesho unairudisha yote mu kopo, unaanza tena." Mutu hajui kusoma, lakini nani wa Masisi hajui haragi?

Bandugu, nyuma ya wiki moja ile roho ilianza kutembea. Haikuwa muzuri kabisa, bado ilikuwa inajikwaa hapa na pale, lakini ilikuwa inatembea kama mutu mwenye anajua anaenda wapi. Papa akapanda mpaka shambani. Akashika jembe. Mimi nilikaa chini nikaangalia kale kachupa kwenye jua, maji tu, hata rangi hakuna, na ndani yake kuko mukono wa kushika roho ya mutu. Nilipiga alama ya musalaba. Hata leo nikifikiria, ngozi inasimama.

Papa akasema, "Mwezi ujao, Walikale."

Sasa sikieni shangazi. Mimi nilienda siku tatu kuvuna kwenye shamba ya mbali, nikaacha papa anajihesabia matone. Shangazi yangu, dada ya papa, akapita kumusalimia. Papa alikuwa inje. Shangazi akaona kopo pale kwenye meza, akafungua, akakuta maharagi kumi. Kumi tu, mu nyumba ya mukulima wa Masisi. Roho ikamuuma. Munajua sisi, haya ya kopo yenye haina maharagi ni kubwa kupita haya ya kutembea bila shati. Akasema mu roho yake, kumbe kaka yangu amefikia hapa na hajaniambia kitu. Akafungua kitambaa yake, akamwaga mule konzi moja, akafunika, akaenda zake bila kusema, juu musaada wa kweli hausemwi.

Asubui papa akachukua kopo. Tone moja, haragi moja. Akaona leo inaendelea tu. Akafurahi. Akafikiri ni mimi niliongeza mbele ya kuondoka, munganga ameniambia tupandishe dawa ili afike Walikale mbio. Akahesabu mpaka ya mwisho. Kesho yake tena.

Siku ya tatu nilirudi, nikakuta papa amekaa mbele ya mulango, ametapika, ananiangalia kama mutu mugeni. "Mwanangu," akasema, "nani amepaka mulima rangi?"

"Rangi gani, papa?"

"Njano. Ng'ombe ya jirani ni njano. Maziwa ni njano. Jua ni njano, lakini hiyo naikubali. Na wewe pia, uko njano kama ndizi ya kuiva."

Niliweka sikio kwenye kifua yake. Tu. Nikangoja. Nilienda kuchota maji kwenye chemchemi, nikarudi, nikaweka mutungi chini, ndipo ikasema tu ya pili.

Bwana yangu alikimbia kumuita munganga. Munganga akakuja, akaona kopo, akahesabu maharagi, akahesabu tena. Jirani akasema aliona shangazi anatoka mu nyumba, ikabidi aitwe. Aliposikia, akaanza kulia: "Nilimuona na maharagi kumi tu."

Munganga alitaka kukasirika, akatafuta kasirani, akaikosa. "Mama," akasema, "umetaka kuua kaka yako na ukarimu."

Dawa ikasimamishwa. Siku zikapita, mulima ikarudia majani yake, maziwa ikarudia weupe. Munganga akasema sasa tuanze tena, matone kumi, na kopo tufunge na kamba. Papa akakataa. Akasema yeye hawezi kunywa tena kitu yenye inageuza ng'ombe njano. Na roho yake, kuona dawa imeondoka, ikakata kamba tena, ikarudi mu mbio zake. Walikale ikawa mbali kupita Roma.

Ilikuwa mu hizo siku njo padri akarudi.

Padri wetu, muzungu muzee wa ndevu, mbele ya hapo alikuwa ameanguka mu misa, pale pale kwenye altari, kama gunia. Roho yake ilikuwa inasinzia. Inapiga moja, inalala. Bakamupeleka Bulaya, na sisi tulimulilia kabisa, tulikunywa na pombe ya matanga. Sasa mutu mwenye tulishakunywa matanga yake anashuka mu gari, anatembea, anauliza nani ameiba kengele ndogo. Batu bakakimbia mbali, kisha bakarudi karibu.

Akatuambia, wazi, nyuma ya misa: Bulaya bamemupasua, bamemutia mashini chini ya ngozi. Mashini iko na pile ndani, betri kama ya radio. Kamba nyembamba inatoka kwa mashini inaingia mpaka kwa roho. Roho ikitaka kusinzia, mashini inaichoma kidogo: amuka. Inaamuka. Inataka kusinzia tena: amuka. Muchana, usiku, bila kuchoka.

Mu kanisa tulisikia mpaka ng'ombe inacheua kwenye mulima wa pili. Kisha muzee moja akauliza, "Padri, tunaweza kugusa?"

Akakubali. Bandugu, tulipanga mulolongo kama siku ya komunyo. Kila mutu anaweka mukono pale chini ya mbavu, anakuta kitu ngumu, ya kuviringana kama sanduku ndogo ya tumbako, chini ya ngozi ya mutu mwenye anapumua. Kila mutu anaweka sikio. Tu, tu, tu, tu. Sawa sawa. Sijasikia kitu ya sawa vile mu maisha yangu, hata matone ya mvua haikuwe sawa vile. Nilisikia kama nimeweka sikio kwenye mulango wa Mungu, na ndani kuko mutu wa kazi, anatwanga, hapumziki.

"Hiyi mwendo haibadilike?" munganga akauliza.

"Haibadilike. Nikilala, ni ile. Nikisali, ni ile."

"Hata ukikasirika?"

"Hata nikikasirika."

Hilo neno lilileta taabu. Wiki ile batu balijaa kwenye kitubio kama siafu. Balienda kuungama hata zambi zenye hawajafanya, kubwa kubwa, ili waone kama roho ya padri itaruka. Katekista moja aliungama ameiba ng'ombe kumi na mbili, yeye mwenye anaogopa hata mbuzi. Haikuruka.

Siku ile ya mulolongo, papa aliweka sikio wa mwisho, na aliiacha pale muda murefu. Alipoitoa, macho yalikuwa na machozi. "Padri," akasema, "mimi nataka hiyi. Yangu inakimbia kama wazimu. Dawa imenionyesha ng'ombe njano. Unitilie hiyi, niende kwa mujukuu wangu."

Padri akamushika bega. "Muzee, hapa hakuna mwenye anaweza kukutilia. Na hata ingekuwa hapa, si yako. Yangu ilikuwa inasinzia, njo bakaitafutia mwenye kuiamsha. Yako haisinzie, inakimbia. Mutu mwenye anakimbia, ukimuchoma na sindano, atasimama?"

"Ataongeza mbio," papa akasema, pole pole.

"Yako inataka mwenye kuishika mukono. Ile dawa."

Papa hakukubali. Njiani aliniambia padri anaficha mashini yake kama mama anaficha nyama. Nilikuwa ninaangalia kale kachupa kamefungwa, na mutu anakufa kando yake kwa wivu wa mashini.

Jumapili yenye ilifuata, misa ilikuwa kwenye kapela ya juu ya mulima, na sisi wote tulipanda pamoja, papa na kiburi yake, padri na mashini yake. Papa alikuwa anakaa kwenye kila jiwe. Lakini katikati ya mupando mukali, papa akageuka, akaona padri pia amekaa. Uso mweupe kama karatasi, anavuta hewa kama samaki.

"Padri, na mashini?" papa akauliza.

"Mashini inatembea muzuri," padri akasema. "Njo ubaya wake. Haijui kama kuko mulima. Muguu inaomba haraka, yenyewe inasema hapana, ile ile."

Sasa, sisi tulikuwa tunajua kitu moja juu ya pile. Pile ya radio ikichoka, unaitoa, unaianika kwenye jua juu ya bati, na inaimba tena mpaka habari ya jioni. Nani hajafanya hiyo? Papa akaamuru. Bamama bakatandika bikwembe yao, nguo za kujifunga, kwenye majani, tukamulaza padri chali, tukamufungua vifungo vya kanzu, tukamuelekeza ile mashini kwa jua. Mama moja akazuia batu basimame upande wa jua, basikatishe mwangaza. Padri alitaka kueleza, akaangalia batu hamsini wenye wamemuzunguka na macho ya huruma, akafunga macho. Alikuwa anahitaji kulala kidogo vile vile. Alipoamuka, rangi ilikuwa imerudi. Mulima nzima ikasema, munaona.

Papa alikuwa amekaa kando yake muda huo wote. "Padri, na hiyi pile ikiisha kabisa, yenye jua haisaidie?"

"Ninarudi Bulaya, bananipasua tena, banatia ingine."

"Na ikiisha mbele ufike Bulaya?"

Padri akaangalia juu. "Basi nitakutangulia, nikutafutie benchi ya mbele."

Papa akaangalia yule muzungu na mashini yake ya ajabu yenye pile yake ingine iko ngambo ya bahari. Kisha akaniangalia mimi. "Kachupa yangu ikiisha," akasema, "huyu binti anatoka asubui, anarudi magaribi na ingine."

"Njo vile," padri akasema.

"Na kwenye mupando, roho yangu inajua kama kuko mulima."

"Inajua kupita kipimo, muzee. Lakini inajua."

Papa akanyoosha mukono, akamusaidia padri kusimama. Walipanda ile kipande ya mwisho wawili, wameshikana, moja roho yake haitaki kukimbia, mwingine yake haitaki kusimama. Kama ungeziunganisha na kugawa katikati, ungepata babu wawili wazima. Na mimi nyuma yao nilikuwa ninafikiri: jani moja, na chuma moja. Mungu amewaonyesha batu hata hayo.

Kufika nyumbani, papa akasema, "Lete kopo." Nikamwaga maharagi yote, nikahesabu kumi mbele yake, nikahesabu mbele ya bwana yangu, nikahesabu mbele ya shangazi, mikono yake mgongoni.

Nyuma ya wiki tatu munganga alimusikiliza, akasema, "Nenda. Pole pole, na kopo yako."

Padri alikuwa anaenda kutembelea makapela ya Walikale, akatubeba mu gari mpaka pale barabara ilichoka. Kutoka pale tulienda na miguu, mu pori yenye miti yake inakataza jua kushuka, joto kama ndani ya chungu, matope ya kumeza mutu na kofia yake. Kila asubui nilikuwa ninakaa juu ya muzizi, tone moja, haragi moja, na papa anakunywa akiangalia majani kama iko bado kijani. Padri alikuwa anapumzika, papa anapumzika, njo tukafika siku ya tatu, wote wazima, mimi tu ndio nilikuwa nusu mufu juu nilibeba mizigo ya wagonjwa wawili.

Kijiji nzima ikatoka. Habari ya mashini ilikuwa imefika mbele yetu, na habari ya ng'ombe njano pia. Mama mukwe wa dada yangu hakusalimia mutu. Akaweka sikio kwa padri, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima. Akaweka sikio kwa papa. Hapo alikaa muda murefu, uso umekunjamana, kama mutu anasikiliza batu banagombana mu nyumba ya jirani.

Dada yangu akaleta kale katoto. Papa akakaa kwenye kiti, akafungua shati, akalaza mutoto kwenye kifua. Mutoto alikuwa analia. Sikio yake ikagusa pale, akanyamaza. Alikuwa anasikiliza ile roho yenye inajikwaa, macho wazi, kidole mu kinywa. Mimi nilikuwa ninalia bila kujua. Ile safari yote, jani la Bulaya, munganga, padri, mapori, ilikuwa juu ya hiyo sikio ndogo kufika pale mbele ile roho haijanyamaza.

Basi papa akasafisha koo. Na munajua papa yangu: hii mudomo ya kueleza, mimi niliipata kwa nani? Akaanza kueleza. Akaanza na mulima wa Masisi, akaingia kwa munganga, akaeleza tofauti ya roho yenye inasinzia na roho yenye inakimbia, akaita padri asimame aonyeshwe, akahesabu maharagi kumi na vidole, akafika kwa shangazi, akafika kwa ng'ombe, jua likaanza kuinama na bado hajafika kwa gari.

Mama mukwe alikuwa amesimama pale kando, anaangalia kifua ya papa inapanda na kushuka. Akashindwa kuvumilia.

"Papa," akasema, "taja jina kwanza, mbele hiyo roho haijabadilisha mawazo."